Ngozi Iliyofungwa Kwenye Mpira wa Rejeta

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo kama ukucha: mshale wa joto kwenye Land Rover ya Wilibrodi ulikuwa umelala.

Gari lilitoka Mto wa Mbu na mzigo wa mahema na mitungi ya gesi, likapanda ukuta wote wa bonde mpaka Rhotia, saa saba mchana, jua la Septemba mwaka tisini na saba, ule mwaka ambao hata punda walikuwa wanaangalia mawingu. Mshale haukunyanyuka hata unene wa unywele. Wilibrodi akaugonga kwa kidole. Haukutikisika.

Mimi sikumaliza darasa la saba, hilo sifichi. Lakini nimefungua injini nyingi kuliko masufuria aliyofunua mama yako, na nakwambia bure: mwili unaofanya kazi hupata joto. Usiopata joto una jina lake, na jina hilo huwa linachimbiwa shimo.

Wilibrodi hakuwaza hivyo. Alifika Karatu akaegesha mbele ya madereva wenzake, akafungua boneti kwa maringo.

"Shika hapo," akawaambia. "Shika rejeta. Nimetoka Mto wa Mbu sasa hivi."

Mmoja akashika, akauondoa mkono haraka. Si kwa kuungua. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na juu ya bati kulikuwa na umande.

Ili ujue umande ule ulitoka wapi, nirudi nyuma siku mbili.

Wilibrodi alikuwa mtu wa Rombo, amekuja Karatu miaka sita nyuma akifuata kazi ya watalii, akapata gari la kuendesha, nyumba ya kupanga na mtoto mmoja, Anitha, wa miaka saba. Alhamisi ile alikuwa anarudi kutoka kambi ya juu ya kreta akiwa na Piusi, mpishi wa kambi, Mwiraqw wa Mbulumbulu. Watalii walishatangulia na gari lingine. Saa kumi na robo, katikati ya msitu, likasikika *pu!* na mvuke ukafunika kioo.

Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka urefu wa kidole. Maji yote chini.

Sasa, mpira kupasuka si msiba. Dereva wa kule hutembea na kamba ya tyubu kuukuu, waya na kipande cha sabuni ya mche. Unasubiri injini ipoe, unafuta mpira, unaziba ufa kwa sabuni, unaviringisha tyubu, unakaza waya, unaacha kifuniko cha rejeta kimelegea kidogo ili presha isikutoboe tena. Unafika nyumbani ukipiga mluzi. Lakini kamba ya tyubu ya Wilibrodi ilikuwa imefungia magodoro, na magodoro yalikwenda na watalii. Na geti la Lodoare, la kutokea hifadhini, lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili.

"Nahitaji maji na kitu cha kufungia," alisema. "Kimoja bila kingine ni bure."

Piusi alikuwa anaangalia barabara. "Tungoje gari."

"Gari gani saa hizi? Sikiliza. Maji hayo hapo chini. Huyasikii?"

Piusi alikuwa anayasikia. Ndiyo maana alikuwa anaangalia barabara.

Wilibrodi alichukua dumu la lita kumi akateremka, na Piusi akamfuata, kwa sababu kubaki peke yake aliona ni vibaya zaidi. Chini walikuta jicho la maji la ukubwa wa karai, safi mpaka unaona kila kokoto. Msitu mzima ulikuwa umekauka, nyati na tembo wanahangaika, na pembeni ya maji yale hapakuwa na unyayo wa mnyama hata mmoja. Katikati lilisimama jiwe refu kama mtoto, na kiunoni mwa jiwe palifungwa mkanda wa ngozi ya kondoo mweusi, manyoya yake bado yapo, umelowa, fundo kubwa kama ngumi.

"Ona Mungu alivyo mwema," Wilibrodi akasema, akatoa kisu. "Ngozi mbichi ikikauka hubana kuliko klipu ya Mjerumani."

"Wili, usiiguse hiyo. Hiyo imefungwa."

"Naona imefungwa. Mimi nataka kuifungua."

"Halikufungwa jiwe, Wili. Kuna aliyefungwa. Mama mkubwa wangu alikuwepo."

"Basi mama mkubwa wako aje alale hapa na chui. Mimi nina mke."

Akakata fundo. Maji yaliyokuwa yanaguguma yakanyamaza. Halafu yakatoa mlio mmoja tu, *gudu*, kama mtu aliyemeza.

Akajaza dumu mpaka shingoni. Ngozi ilizunguka mpira mara tatu, ikashika kama imezaliwa hapo. Rejeta ilikunywa karibu dumu lote, ikabaki lita moja na nusu hivi, akaitia kwenye chupa ya plastiki ya maji ya watalii. Wakapita getini zikiwa zimebaki dakika kumi. Mshale ulikuwa umelala. Hakuna aliyeutazama.

Chini ya geti walikuta lori la Isuzu limesimama, boneti juu. Na huku kwetu kuna sheria isiyoandikwa: boneti ikiwa wazi, hupiti. Utapita leo, kesho utapitwa wewe. Dereva alikuwa Inosenti, msafirisha maharage wa Endabash, mtu wa kucheka mpaka msibani.

"Mangi!" akaita, kwa jina wanaloitwa Wachaga. "Leo umekuja kunisaidia au kunipimia lori ulinunue?"

"Lori hili nilinunue nifugie kuku?"

"Kuku wangekataa. Nipe maji, ndugu yangu, rejeta inanukia ugali."

Wilibrodi akamrushia chupa. Piusi alifungua mdomo, akaufunga. Baadaye alisema aliona aibu: angesemaje mbele ya mtu mwenye shida, kwamba usipokee maji?

Hiyo ndiyo Alhamisi. Jumamosi, baada ya yale majigambo stendi, Wilibrodi aliegesha gari uani kwake, na umande haukukauka. Jua lilikuwa utosini, bomba la mtaa lina siku nne halijatoa hata mlio, wanawake wanapanga ndoo foleni tangu alfajiri, na boneti ile ilikuwa inachuruzika kama chupa ya bia iliyotoka kwenye friji. Kuku watatu wa Aikande, mkewe, walikwenda kudonoa matone. Anitha akapitisha kiganja juu ya bati, akalamba.

"Baba! Tamu!"

Jumapili wakitoka kanisani waliwakuta kuku wamelala chini ya gari, wepesi kama maganda ya mahindi. Aikande aliokota mmoja. Alikatika shingo mkononi mwake, mkavu, bila tone la damu.

"Baba Anitha," alisema kwa sauti ya chini, "kuku hafi hivi."

"Ni kideri."

"Kideri kinakausha?"

Wilibrodi akageukia gari, kwa sababu alikuwa amesikia kitu. Gari lilikuwa limezimwa tangu jana. Ndani ya injini, taratibu, bila haraka, kitu kilikuwa kinameza. *Gudu. Gudu. Gudu.* Na harufu ilikuwa inatoka chini ya boneti, ya matope ya chini ya kisima na ya kondoo aliyenyeshewa. Akafungua. Kila chuma kilikuwa baridi isipokuwa ile ngozi. Aliigusa kwa kidole kimoja. Ilikuwa ya moto kama ubavu wa mnyama, nayo ilikuwa inapanda na kushuka.

Nyuma yake Anitha alikuwa anasema, "Mama, maji."

Alikunywa kikombe, akaomba kingine. Akanywa jagi. Akanywa ndoo ya mwisho ya akiba, kata kwa kata, huku mama yake amesimama na mkono mdomoni, na kadiri alivyokunywa ndivyo midomo yake ilivyopasuka na ngozi ya mikono ikakunjamana kama ya bibi kizee. Alipoanza kulia, uso ulijikunja, sauti ikatoka, machozi hayakutoka. Macho yalikuwa makavu kama shanga.

Wakamkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Nesi alikuwa mtu mzima mwenye mikono isiyotetemeka, akatafuta mshipa, akaupata, akatundika chupa ya dripu, akageuka kuandika jina, na kabla hajafika kwenye jina la baba alisikia mlio aliosema hajawahi kuusikia katika miaka yake ya kazi, mlio wa kunyonya, akageuka akaona maji yanashuka kwenye ule mrija si tone kwa tone bali kama yanavutwa na mdomo, mpaka chupa ikaisha, na ilipoisha haikusimama, ikaendelea kuvutwa, plastiki ikabonyea, ikakunjwa, ikagandamana upande kwa upande, na mtoto kitandani amefumba macho na koo lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, *gudu, gudu*, wakati hakuna kilichobaki cha kumeza.

Nesi akachomoa sindano. Akamsogelea Aikande sikioni. "Mama, nitatundika nyingine. Lakini kama kuna mtu mwingine unayemjua, mwite."

Wilibrodi, aliyekuwa anawacheka watu wa Karatu kwa imani zao, alikwenda kwa Piusi mbio kwa miguu.

Alfajiri ya Jumatatu walikuwa Mbulumbulu kwa Bibi Katarina, mama mkubwa wa Piusi. Walikwenda na Land Rover ileile, Anitha mapajani mwa mama yake kiti cha nyuma, kwa sababu Piusi alisema gari lenyewe lazima lifike. Bibi alikuwa anapeta maharage, rozari shingoni. Aliitikia shikamoo bila kuinua kichwa. Halafu akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akanusa.

"Nani amemtoa?"

"Ni mimi, bibi," Wilibrodi akasema. "Sikujua."

"Uliambiwa?"

Wilibrodi akamtazama Piusi.

"Basi ulijua. Sisi tunawaita netlaame. Ninyi mnasema jini. Jina halimpunguzii kiu. Mwaka wa njaa, nikiwa binti, alikausha watoto tisa wa hapa, na baba yangu ndiye aliyemfunga pale jiweni, na mimi nikashika kamba."

"Anakaa kwenye maji, bibi," Aikande akanong'ona. "Kiu ya nini?"

"Tajiri ana njaa ya nini? Anayekaa kwenye maji ndiye anayeyataka yote." Akamtazama Anitha muda mrefu. Uso wake ukalegea. "Alitoka kwa maji na ngozi, atarudi kwa maji na ngozi. Maji yote. Uliyachukulia kwenye nini?"

"Dumu hilo la lita kumi. Lilijaa mpaka shingoni."

"Lirudi limejaa mpaka shingoni. Aliyoyalamba mtoto yatarudi yenyewe. Likipungua, hatufungi, mnakwenda kutafuta yaliyobaki kwanza. Nusu ya mlango si mlango."

"Huyu ana muda gani?" Wilibrodi akauliza.

Bibi alifunika miguu ya Anitha kwa kanga yake. Miguu ilikuwa kama vijiti vya kuwashia moto.

Walifika pale barabarani mpira ulipopasukia saa tano, ukungu umelala juu ya miti. Wilibrodi alikuja na mpira mpya wa rejeta na dumu la pili la maji ya bomba la Mbulumbulu, ya kujazia gari baadaye. Fundi hujipanga. Bibi na Piusi wakasimama upande wa msitu, Aikande ndani na mtoto. Wilibrodi akainua boneti, akafungua koki ya chini ya rejeta na ile ya kwenye injini. Maji yakaja, meusi kidogo, baridi ya kukata vidole, hayamwagiki pembeni hata tone. Yakapanda dumuni. Yakasimama.

Yalipungua kutoka shingoni lita moja na nusu. Ujazo wa chupa ya watalii.

Hapo ndipo alipomkumbuka Inosenti.

Alisimama nyuma ya boneti na hakuna aliyekuwa anamwona. Inosenti angeweza kuwa Endabash, angeweza kuwa Singida, angeweza kuwa popote penye maharage. Kutoka ndani ya gari alimsikia Aikande anaimba wimbo wa kumbembeleza mtoto mchanga, anauimba kwa mtoto wa miaka saba, na kati ya mstari na mstari, *gudu*, polepole zaidi kuliko jana. Usinihukumie mtu huyu mpaka na wewe uwe umesimama nyuma ya boneti kama ile.

Alichukua dumu la maji ya bomba, akajaza mpaka shingoni.

"Ni yote?" Bibi Katarina akauliza.

"Yote, bibi."

"Nitazame. Ni yote?"

"Yote."

Kule chini jicho la maji lilikuwa shimo, tope limepasuka vipandevipande. Wilibrodi akamimina. Maji hayakutawanyika kama maji. Yalikwenda kwenye jiwe, yakalipanda, yakalizunguka kama mtu anayetafuta upande wake wa kitanda, na msitu wote ukanyamaza mpaka walisikia mapigo ya mioyo yao, na harufu ya kondoo ikajaa puani, na Bibi akauzungusha mkanda ule wa ngozi, uliofunguliwa kwenye mpira, huku anasema maneno ya Kiiraqw kwa sauti ya mtu anayemkaripia mlevi, akaufikisha kwenye fundo, akasita.

"Mbona mwepesi?"

Akamgeukia mpwa wake.

"Piusi, nilishika kamba hii nikiwa binti. Ilinivuta mpaka nikaanguka. Mbona leo mwepesi?"

Ndipo kutoka barabarani kilikuja kilio cha mtoto, kilio kinono, chenye kamasi, na Aikande anapiga kelele, "Machozi! Baba Anitha, ana machozi!"

Wilibrodi akaanguka magoti kwenye tope. Bibi akamtazama, akaelewa, nafikiri, kila kitu. Akakaza fundo.

"Nimemfunga aliyekuja," alisema.

Siku iliyofuata Wilibrodi alianza kumtafuta Inosenti. Aliuliza stendi, aliuliza kwenye maghala, alikwenda Endabash akakuta mke wa Inosenti anachuja uji.

"Hajarudi," mama yule alisema. "Alipita Ijumaa, lori lake analisifia kama mchumba. Halichemki siku hizi, anasema. Ila anakunywa maji huyo! Alinimalizia mtungi mzima."

Alimtafuta Magugu, alimtafuta Babati. Siku ya tano mvua ilifika kabla ya wakati wake, ile mvua ya mwaka ule mnayoikumbuka, iliyokuja kama imetumwa. Kwenye kona moja ya barabara ya Endabash aliona Isuzu imeegeshwa, boneti juu, na boneti ikiwa wazi hupiti.

Inosenti alikuwa amekaa kwenye usukani, kichwa kimelala nyuma, mdomo wazi kuelekea dirishani palipokuwa panaingia mvua. Maji yalimjaa mdomoni na kumwagika kifuani. Mwili wake ulikuwa mkavu. Alikuwa amekauka kama nyama iliyobanikwa, na meno yamebaki yote, kama anayetaka kusema mzaha. Chupa ya plastiki ilikuwa miguuni, imenyonywa mpaka imebonyea. Mshale wa joto ulikuwa umelala.

Wilibrodi alikimbilia mbele na dumu, akalala kwenye tope akatafuta koki ya rejeta. Ilikuwa imeota kutu, imegoma. Akaipiga nyundo. Ikakatika, na hakikutoka kitu. Rejeta ilikuwa tupu, na chuma chake kimejaa umande, na humo ndani, kwenye utupu, kulimezwa mara moja.

Alikwenda kuita watu. Waliporudi na polisi na wazee, maiti ilizikwa, na lori likabaki kwa ndugu. Aliwaomba walichome. Wakamwona kachanganyikiwa. Nani anachoma lori zima? Walilipeleka Arusha, likauzwa vipandevipande, injini huku, rejeta kule.

Anitha ni mtu mzima sasa, ana afya, analia harusini kwa urahisi kama wengine. Baba yake hutoka nje binti anapolia. Na mpaka leo Wilibrodi hapiti boneti iliyo wazi, lakini hatoi maji wala hasalimii mpaka kwanza ameweka kiganja kwenye rejeta. Ikimuunguza hucheka, humshukuru Mungu, madereva wapya humwita mwehu. Ana makovu kiganja kizima.

Mwaka juzi, kiangazi, alimkuta dereva mmoja wa Isuzu amesimama chini ya mlima wa Rhotia, boneti juu, mkewe na watoto wawili wamekaa kwenye kivuli cha lori. Wilibrodi akanyoosha mkono.

"Usihangaike, mzee," yule dereva akamwambia, anatabasamu, midomo imempasuka. "Halijachemka. Tangu nifunge rejeta hii ya mtumba halijawahi kuchemka. Nimesimama tu kwa sababu ya watoto. Huna maji ya kunywa hapo? Kiu ya leo sijui imetoka wapi."